Maswali yenu: ardhi iliyoganda na matabaka yake

Maswali yamekuja mengi, mengine yanafanana, nimechukua haya.

Ardhi iliyoganda si barafu tu iliyofunikwa na udongo?

Hapana. Ni udongo, kokoto au hata mwamba mkavu kabisa, mradi umekaa nyuzi sifuri au chini ya hapo miaka 2 mfululizo. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi, humo ndo nyasi zinaota. Kule Yakutsk, Siberia, jamaa mmoja anaitwa Shergin alichimbisha kisima akitafuta maji, mpaka 1837 wamefika mita 116 na bado ni udongo mgumu kama jiwe, maji hakuna.

Shuleni tulifundishwa tabaka la chini ndo la zamani zaidi. Ni kweli siku zote?

Mara nyingi ndiyo, Steno, mwanasayansi wa Denmark, alishaandika hivyo tangu 1669, na ukienda Olduvai unaona kwa macho, jivu la volkano limelala juu ya udongo wa ziwa, udongo tena, jivu tena, na lile jivu ndo linapimwa umri, ndo maana tunasema fuvu la zamadamu aliloliona mtafiti Mary Leakey humo 1959 lina karibu miaka milioni 1.8.

Ila ardhi iliyoganda inakuchezea. Baridi ikizidi sana ardhi inapasuka, kama tope la bwawa lililokauka vile, sasa theluji ikiyeyuka maji yanaingia kwenye ufa yanaganda humo humo, mwaka unaofuata inapasuka palepale, maji tena, yanaganda tena, baada ya mamia ya miaka una kabari ya barafu pana juu nyembamba chini imeshuka mita kadhaa. Kwa hiyo barafu iliyoko chini huko ni kijana kuliko udongo ulio ubavuni mwake! Na ikinenepa inasukuma matabaka ya pembeni yanapinda juu. Mimi nilipokuwa mwanafunzi niliichora kama tabaka la kawaida, mwalimu alicheka mpaka nikaona aibu.

Hizo kabari mtu anaweza kuziona?

Ndiyo, Fox, karibu na Fairbanks, Alaska, kuna handaki ambalo jeshi la Marekani lilianza kuchimba 1963 kwa ajili ya utafiti. Unatembea ndani ya ardhi, ukutani kuna kabari, mizizi na mifupa ya nyati wa kale. Kunanuka balaa, maana majani na mizizi ya maelfu ya miaka iliyopita haikuwahi kuoza ikaisha, leo ikipata joto kidogo inaendelea kuoza pale ilipoishia na kutoa hewa ukaa. Ndo hiyo hofu mnayoisikia.

Kwanini nyumba za Yakutsk zimeinuliwa kwenye nguzo?

Joto la nyumba lisiyeyushe ardhi, upepo baridi upite chini. Ukiiweka chini moja kwa moja, baada ya muda inakaa upande.

Sampuli mnaichukuaje bila kuyeyuka?

Hapo ndo kazi. Kwenye mwamba wa kawaida mnachoronga, yaani mnatoboa kwa mashine, huku mnamwaga maji kupoza ncha, ila kwenye ardhi iliyoganda ukimwaga maji ya kawaida umeiharibu sampuli, kwa hiyo ni kuchoronga pakavu, polepole, tena majira ya baridi, halafu moja kwa moja kwenye friza. Friza ikizimika njiani umebaki na ndoo ya tope.