Tuligombana kwenye meza ya pool 2017, namrudiaje?

Kaka, umesema mwenzako alidai mpira mweupe uligusa mpira wake kwanza kabla ya wako, wewe ukashikilia mipira yote miwili iligongwa pamoja, mkaondoka kila mtu na njia yake hadi leo. Sasa mmepangwa timu moja.

Kanuni za WPA, chama cha pool cha dunia, ziko wazi: mipira miwili ikigongwa karibu wakati mmoja na haijulikani upi ulitangulia, inahesabiwa kwamba mpira halali, yaani ule unaotakiwa kuugonga, ndio uliotangulia. Maana yake pigo lako huenda lilikuwa safi. Lakini ukienda kwake na hoja hiyo, umeharibu kabla hujakaa.

Mimi nilinuniana na mtu miaka minne kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilimkuta anapaka chaki fimbo yake, nikamwambia, "Bro, siku ile nilikuita mwizi mbele ya mwanao. Nisamehe." Pigo lenyewe sikuligusa. Alinyamaza, akapanga mipira kwenye pembetatu, akanipa nianze mimi. (Nikauingiza mpira mweupe shimoni palepale, akacheka sana.)

Kwa hiyo omba radhi kwa ulilotamka, siyo kwa ulichopiga. Mfuate peke yake, usitume mtu, na siyo usiku wa mechi watu wakiwa wameshaweka dau. Kama kuna sehemu ya zawadi yake uliyobaki nayo, nenda nayo mkononi.

Mkianza kucheza tena, pigo la utata likija, mwiteni mtu wa tatu asimame karibu kabla halijapigwa.