Kabla hujalipia kamera ya video, uliza tundu la maiki

Msimu wa karafuu nilivuka kwenda Pemba kumrekodi ami yangu akieleza uchumaji, nipate kuiweka video mtandaoni. Kamera yangu ilikuwa imeshatumika, na niliichagua kwa sababu moja tu: inarekodi 4K, yaani picha kali yenye nukta nyingi. Haikuwa na tundu la maiki, na mie wala sikuuliza.

Ami alipanda mkarafuu, akalivuta tawi taratibu, akaanza kunionesha namna ya kukata kishada bila kuliumiza tawi. Picha ilitoka safi, hata jasho mkononi mwake ukaliona. Sauti ilikuwa upepo mtupu. Dakika 40 za maelezo ya mtu aliyechuma tangu utotoni, na kilichosikika ni maneno mawili matatu. Nilisikitika sana, kwa sababu mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huwezi kusema nitarudi kesho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo wa tundu la maiki. Mtazamaji huvumilia picha ya kawaida, lakini sauti asiyoisikia haivumilii hata dakika moja. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Kama kamera uliyonayo haina tundu, rekodi sauti kwa simu iliyo mfukoni mwa msemaji, piga kofi moja mbele ya kamera unapoanza, kisha wakati wa kuhariri oanisha mlio wa kofi na picha ya mikono inapokutana.

Usiku ule tulikaa barazani kuchambua, karafuu huku, makonyo (vile vijiti vyake) kule, chini ya taa ya tyubu. Nilipoiangalia video, mistari myeusi ilikuwa inapita juu ya nyuso za watu. Nilidhani kamera mbovu. Kumbe ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa NTSC, unaotumika Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Umeme wetu, ukiwemo huo unaofika Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, ni wa hezi 50, na taa kama ile humeta mara 100 kwa sekunde. Ingia kwenye menyu, weka PAL, mfumo unaokwenda na hezi 50, fremu (picha) 25 kwa sekunde, na spidi ya shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mistari huondoka. Simu nyingi hurekodi fremu 30, tena idadi yake hupanda na kushuka, ndiyo maana sauti na midomo huachana ukihariri. Tafuta programu inayokuruhusu kuifunga kwenye 25.

Sasa 4K. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, kila dakika inakula megabaiti 750 (megabiti 8 ni megabaiti moja), na kadi ya GB 64 haifiki hata saa moja na nusu. Kompyuta yangu ilikuwa inakwamakwama, hasa kwa faili za H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, ambazo ni ndogo lakini huisumbua mashine ya zamani. Siku hizi narekodi 1080p, yaani HD ya kawaida, kwa H.264, njia ya kubana iliyotangulia, faili la MP4. Nikimaliza kuhariri natoa video ya megabiti 8 kwa sekunde: dakika kumi ni kama megabaiti 600, bando linamudu. 4K naiacha kwa kazi ambayo najua nitaikata picha na kuikuza.

Kadi chukua yenye alama ya V30, ya kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 30 kwa sekunde, na ukifika nayo nyumbani ijaze mpaka mwisho kisha ufungue faili zote, maana za bandia zipo. Na chumvi ya pwani isikupite: futa kamera kila ukitoka ufukweni, iweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Lenzi ikishaota ukungu kwa ndani, kuisafisha ni kazi ya fundi.

Ukienda dukani, beba kadi yako na spika za masikioni. Elekeza kamera kwenye taa ya duka, ukiwa umeweka 1/50, zungumza kwa nusu dakika huku feni inazunguka, kisha sikiliza na utazame palepale. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka jengine.