Boksi la Vitufe Lisiloumiza Mikono: Maswali ya Wasomaji

Swali: Shikamooni wahariri. Nimetengeneza boksi la vitufe 12, bila stiki, la kuchezea gemu za mapigano kwenye kompyuta. Ndani nimeweka bodi ya Raspberry Pi Pico, kibodi kidogo cha umeme kinachopeleka mibonyezo ya vitufe kwenye kompyuta. Linafanya kazi, ila nikicheza nusu saa kifundo cha mkono wa kushoto kinauma na kidole gumba kinakakamaa. Boksi lina kimo cha sm 9 na upana wa sm 25. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba. Vipimo vyote viwili vina kasoro, na cha kimo ndicho kibaya zaidi. Kwa sm 9 juu ya meza, mkono unapanda mlima: kiganja kinakunjwa kuelekea nyuma huku ukingo wa boksi ukikandamiza sehemu laini ya ndani ya kifundo. Sm 4 hadi 5 zinatosha. Kitufe kifupi cha mashine za gemu kinahitaji kama sm 3 chini ya ubao, na nafasi inayobaki ni ya waya. Punguza kuta za boksi lenyewe. Ukiweka mto mbele yake, utateleza kila unapochangamka.

Ukingo wa mbele upige tupa mpaka uwe wa mviringo, kisha msasa namba 80, umalizie na 180. Pitisha juu yake ngozi ya ndani ya kifundo. Ukihisi mstari, rudia msasa.

Upana wa sm 25 unabana viwiko mbavuni, kwa hiyo viganja vinapinda kuelekea vidole vidogo. Ubao wa sm 35 hadi 40 unaacha mabega yalegee. Lakini usitoboe kabla ya kujaribu kwenye kadibodi. Kaa kwenye kiti unachochezea, funga macho, weka mikono juu ya kadibodi ikiwa imelegea, vidole vimejikunja kama vimeshika chungwa. Mtu mwingine aweke alama ya kalamu chini ya kila ncha ya kidole. Utaona alama hazikai kwenye mstari mnyoofu: kidole cha kati kiko mbele, kidogo kiko nyuma. Hapo ndipo pa kutoboa, si pale mchoro wa mtu mwingine unapoonyesha. Kwa vitufe vya mm 24, acha angalau mm 28 kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa vya mm 30, acha mm 36.

Gumba linalokakamaa mara nyingi linatafuta kitufe cha kuruka kilichowekwa mbali. Tumia cha mm 30, ukiweke chini katikati, gumba likifike bila kunyooka. Kama vitufe vyako ni vile vya bei nafuu vyenye swichi ndogo iliyochomekwa chini, vifungue utoe springi ya ndani. Springi ya swichi yenyewe inatosha kukirudisha kitufe, na kidole kitatumia nguvu kidogo. Maumivu au ganzi vikibaki hata siku usizocheza, muone daktari.

Swali: Vitufe vitatu vya mwisho vinakufa, nikitikisa boksi vinafufuka. Bodi imeungua?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Bodi ni nzima. Umeunganisha waya wa GND (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kwa kuruka kutoka kitufe hadi kitufe, na waya huo umeachia mahali fulani. Vyote vilivyo mbele ya hapo vinakosa njia. Anza na kiungo kilicho kati ya kitufe cha mwisho kinachofanya kazi na cha kwanza kilichokufa. Mara nyingi ni klipu ya mm 4.8 iliyovalishwa mguu wa mm 2.8: inaingia, lakini haishiki. Ukishaitengeneza, chukua mwisho wa mnyororo uurudishe kwenye pini nyingine ya GND ya Pico, iwe pete. Siku waya mmoja ukikatika, umeme utapita upande wa pili. Tumia waya wa nyuzi nyingi. Ule wa uzi mmoja hukatika kando ya risasi ya kuchomelea. Na kamwe usipeleke kitufe kwenye pini ya volti 5, maana pini za kuingiza za Pico ni za volti 3.3.

Swali: Vitufe vya kubana havishiki kwenye plaiwudi yangu ya mm 12. Nitie gundi?
*Msomaji, Kampala*

Jibu: Hapana, utashindwa kubadilisha kitufe kikifa. Masikio yake, yaani vikulabu vya pembeni vinavyobana ubao, yametengenezwa kwa ubao mwembamba, mm 2 hadi 4. Nunua vya kufunga kwa nati na utumie ubao wa mm 6, au chimba upande wa chini kuzunguka kila tundu mpaka ubaki mm 3.

Swali: Kompyuta haiioni Pico kabisa.
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Badilisha kebo kwanza, nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazina waya za data. Shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka, na diski iitwayo RPI-RP2 itatokea. Buruta humo faili la uf2 la GP2040-CE, programu inayoifanya Pico iwe kidhibiti cha gemu, bodi itajiwasha upya. Ikishafanya kazi, funga kebo kwa ndani na kamba ya plastiki ili mvuto usifike kwenye tundu la Pico, ambalo hung'oka kirahisi. Miguu ya boksi kata kwenye soli ya kandambili kuukuu.