Maji ya mgongo haina bakteria, mtoto bado mbaya

Mama pole sana, umeuliza kama mtoto mwenye homa, kichwa kuuma na shingo ngumu anaweza kuwa na kitu ingine wakati maji ya mgongo haikuonyesha bakteria. Ndiyo mama. Huku Bukavu kila homa tunaita palu (malaria), njo maana ambia munganga leo leo kama aliogelea mtoni ao ziwani kwenye maji vuguvugu ikamuingia puani ndani ya siku 12 kabla ya ugonjwa kuanza, juu Naegleria fowleri, ameba (kadudu kadogo sana ka maji) yenye kushambulia ubongo, inapitia pua, kunywa haileti. Omba waangalie maji ya mgongo kwa mikroskopi palepale wanapoitoa, wasiweke kwenye frigo, ile ameba inaonekana ikitembea. Ni ya nadra sana lakini inaua kwa siku kama 5 hivi tangu dalili zianze, dawa za amfoterisini B na miltefosini zianze haraka.