Forester ya turbo imelala nyuma: raba si dawa, na shoki peke yake pia si dawa

Swali: Fundi salamu. Niko na Subaru Forester SG5 ya turbo, ya 2006, nakaa huku Londiani na kazi yangu ni kupeleka viazi Nakuru na mara moja moja Kisumu, gunia tatu nne kwa buti viti vya nyuma vikiwa vimelazwa. Nyuma ilianza kulala, fundi wa hapa akaniwekea shoki mpya za kawaida, ikalala hata kuliko mwanzo. Mwingine akasema ni springi, akaingiza raba katikati ya koili, ikainuka kidogo lakini sasa inagonga kila tuta. Kuna kijana ananiambia kwa vile ni turbo, ile nguvu ndio inakalisha nyuma, ati ninunue koilova ngumu za mashindano, zile shoki zinazokuja na springi yake na nyuzi za kupandisha au kushusha kimo, ndio zitadumu. Nichukue zipi?

Jibu: Bosi, gari kama yako huletwa hapa Nakuru kila mara na ikifika unakuta imepitia mikono hiyo hiyo: shoki kwanza, raba pili, halafu mtu wa turbo. Wacha nianze na huyo wa turbo nimmalize haraka. Turbo haiwezi kulaza gari ikiwa imeegeshwa nyumbani usiku. Ukikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma, gari inakaa kidogo, ukiachilia inarudi, basi. Gunia nne za kilo 50 ni kilo 200 ambazo zinakalia hiyo springi kutoka Londiani mpaka Kisumu bila kushuka hata dakika moja, sasa kati ya hizo mbili niambie gani inaua springi. Turbo mwachie kazi yake ya kupanda milima, maana huko juu kama Timboroa, zaidi ya mita 2,700, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inahema. Suspenshoni unachagua kwa mzigo na barabara.

Sasa nije kwa kile kinachonichosha kabisa. Watu wameshaamini shoki ndio inabeba gari. Haibebi. Springi ndio inabeba, shoki kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kudunda ukishapita tuta. Shoki ya kawaida ikifa utaona gari inayumba kwa kona, inadunda dunda, tairi inalika vipande vipande, lakini kimo cha gari kinabaki karibu pale pale. Kwa hivyo fundi akiangalia gari imelala na hapo hapo aseme lete pesa ya shoki, muulize hiyo shoki itainua nini.

Halafu Forester ndio inakuja kuchanganya watu, kwa sababu nyingi za SG, yaani kizazi cha hiyo yako, na hata kizazi cha SH kilichofuata, zilitoka kiwandani na shoki za nyuma za kujiinua zenyewe, zile tunaita SLS. Ndani yake kuna pampu ndogo inayoendeshwa na kule kucheza kwa gurudumu. Ukipakia mzigo nyuma inashuka, ukitembea kilomita moja mbili hivi kwa barabara yenye matuta na mashimo (na hizo tunazo za kutosha) pampu inasukuma mafuta, presha inapanda, gari inajiinua mpaka kimo chake. Hakuna waya, hakuna kompresa, yote iko ndani ya hiyo shoki. Na kwa sababu shoki yenyewe inabeba sehemu ya uzito, kiwanda kikaweka springi laini kuliko za kawaida.

Unaona fundi wako alikosea wapi? Alitoa shoki iliyokuwa inasaidia kubeba, akaweka isiyobeba kitu, halafu akaacha springi laini ile ile. Ni kama watu wawili wamebeba gunia, unamtoa mmoja unaweka mwingine wa kupiga soga tu kando, halafu unashangaa yule aliyebaki amepinda mgongo. Shoki mpya inaweza kuwa nzima kabisa, hata orijino, na gari ilale zaidi. Ndio ilivyofanya yako, na hiyo peke yake inanifanya niamini ilikuwa na SLS. Hakikisha hata hivyo. Kama zile za zamani bado ziko kwa huyo fundi zitazame, SLS ina mwili mnene kuliko shoki ya kawaida, au peleka namba ya chasisi kwa muuza spea anayejua kusoma katalogi akuambie gari ilikuja na nini. Wewe ambaye bado hujabadilisha chochote, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, pakia, tembea kilomita chache kwa barabara mbaya, pima tena. Kama haijapanda na unaona mafuta yametiririka kwa mwili wa shoki, SLS imeenda. Si ajabu, gari ya 2006 hiyo ni miaka mingi kwa sili yoyote ya raba.

Ufanye nini sasa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha SLS mpya, orijino, na springi zake. Inaendesha vizuri sana lakini bei itakuuma, na usikubali SLS ya mtumba kutoka Japani, hiyo unanunua umri ule ule ulioutupa. Ya pili, na ndio ningeifanya kwa gari ya viazi, ni kuhama kabisa: shoki za kawaida pamoja na springi za kawaida za ile Forester isiyo na SLS, zote mbili pande zote mbili, siku moja. Kwako nusu ya kazi imeshafanyika, umebakisha springi. Mwambie muuzaji waziwazi unataka springi ya gari isiyo SLS, maana ukisema tu nataka ya Forester SG5 turbo utapewa ile ile laini iliyo mpya, utaniandikia tena. Kampuni kama King Springs ya Australia wanatoa hata za kimo cha juu kidogo.

Kwa springi usinunue ugumu kwa macho tu. Unene wa waya unabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Waya wa milimita 13 ukilinganisha na wa 12, kila kitu kingine kikiwa sawa, springi inakuwa ngumu kwa zaidi ya theluthi moja. Sasa mtu akikuuzia springi ya gari nyingine kwa sababu "ni nene, itadumu", siku unarudi kutoka sokoni buti tupu gari itarukaruka nyuma kama imepagawa, na kwa matope ya kule kwenu mvua ikinyesha mkia utakutoka. Chukua ya hatua moja juu ya kawaida, isizidi hapo.

Shoki: kwa barabara zenu za vumbi mimi naona ile ya mirija miwili, mfano KYB Excel-G, inatosha na inavumilia. Ya mrija mmoja inastahimili joto vizuri zaidi ukipiga ile mistari mistari ya barabara kwa muda mrefu, hilo sibishi, lakini pistoni yake inateleza moja kwa moja kwa ukuta wa nje, jiwe likibonyeza huo mwili imekwisha. Kama una pesa na barabara yako kubwa ni lami, haya. Hizo ulizowekewa, kama hazivuji na ni za SG5 kweli, huna haja ya kununua tena.

Koilova za mashindano achana nazo. Najua tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021 hapo Naivasha kila kijana wa kaunti hii anataka gari iliyokaa kama zile, lakini wanasahau timu za rali zina mafundi wanaofungua hizo shoki na kuzihudumia kila mara. Zile koilova za bei ya chini hazina mwendo wa kutosha wa kupanda na kushuka, nyuzi zake zinashikana na matope na kutu, na zile maunti zake za chuma, vile vishikio vya juu, zikiingia vumbi zinaanza kupiga kelele mapema sana. Kitu cha kushinda mbio na kitu cha kudumu ni vitu viwili.

Wakati wa kufunga simama hapo uangalie. Maunti za juu na stopa za raba zikiwa zimechoka zibadilishwe siku hiyo hiyo. Springi ifungwe kwa kibanio chake, si kwa waya na maombi, maana ikiruka inaweza kuua mtu. Na bolti za bushi, zile raba za viungo vya chini, zikazwe mwisho kabisa gari ikiwa imekaa chini kwa magurudumu yake. Mafundi wengi wanakaza ikiwa inaning'inia kwa jeki, wakishusha bushi inabaki imejipinda kila saa, inachanika kabla ya wakati, halafu lawama inaenda kwa shoki. Maliza na alaimenti, kwa SG shoki ya nyuma ni sehemu ya kinachoshikilia gurudumu lisimame wima, ukiifungua pembe zinaweza kuhama.

Sasa hii si yako peke yako, ni kwa kila mtu mwenye gari inayolala, iwe Forester, Probox au nini. Kuna watu huko jua kali wanapasha springi moto wa gesi mpaka inakuwa nyekundu, wanaivuta, wanasema imerudi kuwa mpya. Chuma cha springi kilipikwa na kupozwa kwa utaratibu ili kiwe na ule mnepo, ukikipasha ovyo umeua mnepo, kitalala tena au kitakatika, na hakichagui pa kukatikia, inaweza kuwa ukishuka ule mteremko wa Salgaa. Raba nayo inazuia koili mbili tatu zisifanye kazi, zilizobaki zinabeba yote, na pale raba inapoishia ndipo springi inapovunjikia. Mbaya kuliko zote ni shoki zinazotobolewa, zinajazwa mafuta yoyote, hata ya gia, zinachomelewa na kupakwa rangi nyeusi, halafu unauziwa ati ni eksi Japani. Shoki ya gesi ina naitrojeni yenye presha, na SLS presha yake ni kubwa zaidi, huyo anayeitoboa anacheza na maisha yake na yako. Ukinunua iliyotumika angalia kama kuna alama ya kuchomelea chini ya rangi, angalia ile fimbo ya kung'aa kama ina vidoa vya kutu maana vinakata sili, na kama ni ya gesi ibonyeze, fimbo inafaa irudi juu yenyewe polepole. Ikibaki chini mrudishie mwenyewe na usimsikilize hadithi. Hata boksi mpya lenye jina kubwa uliza risiti, feki zimejaa.

Na hakuna springi itakayokutoa kwa uzito uliopita kiasi. Karatasi za Japani zinahesabu kila abiria kilo 55, kwa gari ya watu watano hiyo ni kilo 275 dereva akiwemo. Gunia nne, wewe, na yule kijana wa kupakua, tayari umevuka. Beba tatu, na ziwe za kilo 50 za kweli, si zile zilizoshonewa kichwa, uzisukume mbele karibu na viti vyako badala ya kuzirundika kwa mlango wa buti.

Hizo raba zitoe leo, usingoje mpaka upate pesa ya springi. Gari italala, ndio, lakini itembeze bila mzigo mpaka hapo.