Maswali ya Wasomaji: Watakatifu waliojificha ndani ya majalada

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mashairi mengi ya Kijerumani ya Enzi za Kati yanayosimulia maisha ya watakatifu yamepatikana yakiwa vipande vipande ndani ya majalada ya vitabu vingine visivyohusiana nayo hata kidogo. Inakuwaje maandishi ya dini yakatwe kwa kisu na watu ambao wenyewe walikuwa Wakristo? Na mtaalamu anajuaje kwamba kipande chenye upana wa vidole viwili kimetoka katika shairi fulani?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi hukimbilia kumlaumu Martin Luther, na ni kweli kwamba aliyakejeli masimulizi ya watakatifu akiyaita uongo, na kwamba baada ya mwaka 1517 monasteri nyingi katika maeneo yaliyofuata mafundisho yake zilifungwa, vitabu vyao vikatawanyika. Lakini kisu cha mjalidi, yaani fundi wa kutia vitabu majalada, kilikata pia katika miji iliyobaki Katoliki, na vitabu vilivyokatwa kwa wingi zaidi vilikuwa vya ibada kwa Kilatini. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kwamba mashairi hayo yalikuwa yamekwisha kupoteza wasomaji wake kabla Luther hajazaliwa.

Mwishoni mwa karne ya 13 mshairi ambaye jina lake halijulikani alitunga Passional, utenzi mkubwa wa takriban mistari 110,000 kuhusu Yesu na Maria, mitume na watakatifu wengine, na sehemu kubwa ya habari zake aliichota katika Legenda aurea, mkusanyo wa Kilatini wa mtawa Mdominika Jacobus de Voragine. Utenzi huo ulinakiliwa sana. Hata hivyo, kufikia mwaka 1400 hivi, Wadominika wa Nürnberg walikuwa wametayarisha Der Heiligen Leben, mkusanyo wa nathari wenye masimulizi 251, ambao ulifaa kusomwa kwa sauti watawa walipokuwa mezani. Kitabu hicho kimebaki katika hati za mkono zipatazo 200, na kilichapishwa tena na tena hadi mwaka 1521. Aliyekuwa nacho hakuona haja ya kuhangaika na mashairi ya kale, ambayo lugha yake ilikuwa imeanza kuwa ngumu hata kwa Wajerumani wenyewe.

Hivyo kilichobaki na thamani ilikuwa ngozi. Hati za zamani ziliandikwa juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi, iliyolowekwa katika chokaa, ikakwanguliwa na kukaushwa ikiwa imewambwa. Baada ya Gutenberg kuanzisha uchapaji huko Mainz katikati ya karne ya 15, karakana za majalada zilijaa vitabu vya karatasi, na karatasi ina udhaifu wake: uzi wa mshono huichana pale inapokunjwa. Mjalidi alikata utepe mwembamba wa ngozi akauweka katikati ya kila kitita cha kurasa ili uzi ukaze juu ya ngozi. Vipande vipana zaidi alivigandisha kwenye mgongo wa kitabu au upande wa ndani wa mbao za jalada, na mara nyingine karatasi nzima ya ngozi ilifungwa nje ya daftari la kodi.

Kuhusu swali lako la pili, vina ndivyo vinavyomsaidia mtaalamu kuliko kitu kingine chochote. Mashairi haya yana mistari inayokwenda miwili miwili yenye kina kimoja, kwa hiyo hata utepe uliokatwa wima, ukaacha nusu tu ya kila mstari, unaweza kuonyesha neno la mwisho na kumpa msomaji jozi ya kutafuta katika matini iliyokwisha kuchapishwa. Jina la mtakatifu likionekana, kwa mfano Margareta au Katharina, utafutaji unafupishwa sana, ingawa mtakatifu mmoja aliweza kutungiwa mashairi kadhaa tofauti.

Baada ya hapo hesabu huanza. Tuseme utepe uliokatwa kwa mlalo una mistari minne ya safu ya kushoto na minne ya safu ya kulia. Ikiwa katika matini kamili mstari wa kwanza wa kulia unakuja mistari 36 baada ya mstari wa kwanza wa kushoto, basi kila safu ya ukurasa uliopotea ilikuwa na mistari 36, na kwa kupima nafasi kati ya mistari tunapata urefu wa safu hiyo. Umbo la herufi hukadiria umri wa hati, na tahajia hudokeza eneo alikotoka mwandishi wake.

Faida yake inaonekana wazi katika Servatius, shairi la Heinrich von Veldeke la karne ya 12 kuhusu askofu mtakatifu wa Maastricht, ambalo Wajerumani na Waholanzi wote hulihesabu kuwa lao. Matini yake kamili imo katika hati moja tu ya karne ya 15. Vipande vilivyotoka katika majalada, vinavyohifadhiwa München na Leipzig, ni vya mwaka 1200 hivi, kwa hiyo vinatufikisha karibu na zama za mshairi mwenyewe.

SWALI: Kwa nini basi vipande vyote visibanduliwe vikasomwe vizuri?

JIBU: Karne ya 19 ilifanya hivyo sana. Wakati mwingine waliobandua hawakuandika kipande kilitoka katika kitabu gani, na wengine walipaka dawa za kufufua wino ambazo baadaye ziliitia ngozi madoa meusi. Kitabu kinachobeba kipande ni shahidi: daftari la kodi lenye mwaka juu yake hutuambia takriban lini na wapi hati ya zamani ilivunjwa. Hata mahali ambapo ngozi imekwisha kuondolewa, gundi huweza kuwa imeacha wino kwenye mbao, na herufi hizo zilizogeuka husomwa kwa kioo. Siku hizi vipande vingi huachwa mahali pake na kupigwa picha, na watafiti wa Uholanzi wameonyesha kwamba aina fulani ya eksirei inaweza kusoma wino uliofunikwa.

Ukitaka kuviona mwenyewe, anza na Handschriftencensus, orodha ya mtandaoni ya hati za Kijerumani za Enzi za Kati, isiyolipiwa. Tafuta kwa jina la shairi, si la mtakatifu peke yake. Maelezo yake ni ya Kijerumani, lakini mara nyingi yana viungo vya kwenda kwenye picha.