Kira wa Deep Space Nine, na shosho aliyemtambua kabla yangu

Swali lilikuwa hili: katika tamthilia za bunilizi ya sayansi, ni ipi yenye mhusika anayekua kweli, si yule anayebadilishiwa nywele na silaha kila msimu? Nimesoma majibu yenu na wengi mmetaja za miaka hii ya karibuni. Mimi nataja ya zamani. Star Trek: Deep Space Nine, iliyoanza Januari 1993 ikaisha Juni 1999, misimu 7, vipindi 176. Na kati ya watu wote wa humo namtaja Kira Nerys, aliyeigizwa na Nana Visitor. Nitaeleza mambo hadi msimu wa mwisho, kwa hiyo kama hujaitazama na hutaki kuharibiwa utamu, nenda kaitazame kwanza, jibu langu litakungoja.

Kwa ufupi sana: sayari ya Bajor imetawaliwa na Wacardassia kwa takriban miaka 50. Watu wamefungwa kambini, wamechimbishwa madini, wamenyongwa. Mwishowe mtawala anafunga virago na kuacha nyuma kituo cha angani kilichokuwa kikisafishia madini kwa jasho la Wabajor. Shirikisho la sayari linaitwa kusaidia kukiendesha, chini ya Benjamin Sisko, na msaidizi wake ni Kira, aliyeingia msituni kupigana, tuseme hivyo, akiwa na miaka 12. Ona basi hadithi inapoanzia. Nyingi huishia bendera ikipandishwa. Hii inaanza asubuhi yake, na inamuuliza mwanamke ambaye mikono yake imejua kutega mabomu tu: sasa utaifanyia nini mikono hiyo?

Shosho, yaani nyanya yangu, alikuja kukaa nami mtaa wa Umoja, Nairobi, mwaka 2016, aliposumbuliwa na goti, akakaa miezi mitatu. Mimi ndiye nimebeba jina lake, kwa hiyo huniita wajina. Nilikuwa nimenunua misimu yote kidogo kidogo kwenye duka moja la mjini, la diski za shilingi 50, na jioni baada ya chakula naweka moja. Sikudhani angeangalia. Alikuwa amekaa upande wa dirisha akitoa maharagwe kwenye maganda, sufuria mapajani. Siku ya tatu hivi akauliza, bila kuinua kichwa, “Huyu msichana wa hereni moja amekasirikia nani?” Wabajor huvaa hereni sikio moja, la kulia. Nikamweleza. Akauliza jambo moja tu: walitawaliwa miaka mingapi? Nikamwambia 50. Akasogeza kiti. Tangu siku hiyo nikawa natazama nikimfasiria kwa Kikuyu, nikisimamisha kila baada ya dakika mbili, na naamini ndiyo mara ya kwanza niliitazama sawasawa.

Kipindi cha kwanza cha kumwelewa Kira kinaitwa Duet, cha pili kutoka mwisho katika msimu wa kwanza. Hakina vita wala mambo makubwa ya angani. Ni watu wawili na mlango wa selo kati yao. Mcardassia mmoja anafika kituoni akiwa na ugonjwa unaowapata tu waliokuwako kwenye ajali ya mgodi wa kambi ya Gallitep, na Kira anamtia ndani. Mzee yule anakubali kuwa ndiye mkuu wa kambi, anajisifia mauaji, anamcheka Kira usoni. Halafu ukweli unatoka: ni karani wa mafaili tu, jina lake Marritza, aliyekuwa akijifungia usiku na kuziba masikio asisikie watu wakilia. Amejibadilisha uso ili ashtakiwe kama bosi wake, taifa lake lilazimike kukiri. Kira anamfungulia. Hawajafika mbali, Mbajor mmoja anamchoma kisu Marritza kwa sababu moja tu, kwamba ni Mcardassia. Na Kira, ambaye mwanzo wa kipindi angeona sababu hiyo inatosha, anasema haitoshi.

Nilipomfasiria shosho neno hilo la mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Huyo bado mdogo. Ngoja.” Wakati huo nilidhani hakuelewa.

Alielewa kuliko mimi. Kusema mara moja kwamba chuki haitoshi ni rahisi ukiwa bado unajiona uko upande safi. Waandishi wa tamthilia hii walijua hilo, ndiyo maana hawakumwacha Kira hapo. Msimu wa pili, katika Necessary Evil, tunajua kwamba wakati wa utawala alimuua Mbajor mwenzake, msaliti, akamdanganya rafiki yake Odo kwa miaka mingi. Odo anapogundua, Kira anamuuliza kama atamwamini tena kama zamani, na kipindi kinaisha bila jibu. Bado kabla ya hapo kuna Progress, ambapo anatumwa kumhamisha mkulima mzee ili mwezi anakoishi utumiwe kupata nishati ya kuwapashia watu joto. Anakaa na mzee, anamsaidia kujenga tanuri lake la matofali, na mwishowe analibomoa mwenyewe na kuichoma nyumba. Sisi wa Nairobi tunaojua bomoabomoa ya alfajiri hatuhitaji kufasiriwa hicho. Serikali ni ya kwenu, sababu ni nzuri, na aliyewasha moto ni mtoto wa nyumbani.

Sasa nije penyewe. Msimu wa sita, kipindi kinaitwa Rocks and Shoals. Vita kubwa imeanza, adui mpya, Dominion, pamoja na Wacardassia, wamekitwaa kituo. Bajor imetia saini mkataba wa kutopigana ili iokoe watu wake, na Kira amebaki kazini chini yao. Tunaonyeshwa asubuhi yake. Anaamka, anajitazama kwenye kioo, anaenda zake kazini, anapita katikati ya askari wa adui bila kushtuka. Hakuna muziki wa kukutisha. Ni asubuhi ya mtu yeyote. Kisha mtawa mmoja mzee, Vedek Yassim, anamwendea kusema watu wanataka kuandamana. Kira anamtuliza, anamwambia haya si yale ya zamani, watulie. Yassim anapanda juu ya barabara ya maduka, mbele ya kila mtu, anatamka kwamba uovu lazima upingwe, anajinyonga.

Halafu tunaonyeshwa asubuhi ya Kira tena. Ileile. Kioo kilekile, njia ileile, askari walewale. Safari hii hawezi kuimaliza. Anamfuata Odo na kumwambia kwamba yeye, aliyewachukia wasaliti maisha yake yote, amekuwa mmoja wao.

Kwa upande wa ufundi, hilo ndilo jibu la swali lenu. Hawakumpa hotuba ya kueleza alivyobadilika. Walirudia picha zilezile na kutuacha tuone kwamba aliyesimama ndani yake si yule. Na linawezekana tu kwa sababu tumekaa naye misimu mitano, tukijua alimfanya nini msaliti wa Necessary Evil. Kipindi kimoja kinamshtaki kwa ushahidi wa kingine. Tamthilia inayosahau kila wiki haiwezi kufanya hivyo hata iwe na fedha kiasi gani.

Shosho aliniambia nizime. Nikadhani ni usingizi. Akaanza kusema, na haya alikuwa hajawahi kutusimulia. Mwaka 1954 baba yake alikuwa mfanyakazi hapa Nairobi. Aprili ile jeshi la Waingereza lilipouzingira mji, alikamatwa, akapitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho anayetikisa kichwa ndiyo au la, akapelekwa Manyani. Huko nyumbani Murang'a waliondolewa kwenye mashamba wakakusanywa kijiji kimoja chenye handaki na miti iliyochongwa ncha kukizunguka. Yeye alikuwa na miaka kama 11. Hayo niliyasoma shuleni. Ambalo sikulijua ni kwamba kila asubuhi alikuwa akiwatekea maji ngati kituoni kwao, wale walinzi walioshirikiana na serikali, na mmoja alikuwa akimpa kipande cha sukari guru. Akakitia mdomoni akienda, akirudi kimeisha, ili mama yake asijue. “Nilikuwa nafurahi kukikaribia kituo,” akasema. “Nilikuwa nafurahi, wajina.” Alikuwa na miaka 73, na kile kipande cha sukari bado kilikuwa mdomoni.

Tangu usiku ule sijawahi kukubali mtu akiniambia bunilizi ya sayansi ni ya kukimbia maisha.

Wengine wa tamthilia hii nitawapitia mbio. Sisko ni mzuri, na ni raha kumwona Avery Brooks akicheza baba anayempenda mwanawe waziwazi. Kai Winn, kiongozi wa dini ya Wabajor, utamchukia hadi msimu wa tano anapomkumbusha Kira kwamba waliobeba bunduki si pekee waliopigana, kwamba yeye alipigwa kambini kwa sababu ya kufundisha imani yao. Hilo ni neno zito kwa nchi yoyote inayogawana sifa za uhuru. Kuna pia Li Nalas, shujaa ambaye sifa zake zote zimetokana na tukio la bahati, na taifa linamhitaji hivyohivyo. Mapenzi ya Kira na Shakaar, kiongozi wake wa zamani wa msituni, hayakunigusa, yanaanza na kuisha kama kwamba mwandishi alikuwa na haraka, na vile vipindi vya ulimwengu wa pili, ule wenye nakala za wahusika hawahawa, havimjengi hata kidogo.

Lakini msimu wa saba. Wacardassia sasa wenyewe wanakandamizwa na Dominion, na mmoja wao, Damar, anaasi. Hajui kupigana vita ya msituni, taifa lake limejua kutawala tu. Nani atamfundisha? Kira anatumwa, kwa sare ya Shirikisho ili waweze kumstahimili. Kumbuka Damar ndiye aliyempiga risasi Ziyal, binti ambaye Kira alimpenda kama ndugu. Anaenda. Anawafundisha kulipua ghala, kuficha silaha, kutomwamini mtu, yote aliyojifunza akiwaua wao.

Kisha katika Tacking Into the Wind habari inamfikia Damar kwamba mke na mwanawe wameuawa. Anauliza kwa uchungu ni watu wa aina gani wanaotoa amri kama hizo, kuua mama na watoto wasio na kosa. Kira anamrudishia swali lilelile, neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Ni watu wa aina gani?

Kira yule wa msimu wa kwanza angelisema kwa kulipiza. Huyu linamtoka, na mara moja anajuta, kwa sababu ameona mtu aliyefiwa mbele yake. Garak, Mcardassia mwingine aliyekuwako, anamwambia halikuwa kosa, na kwamba Damar alihitaji kulisikia. Mimi nakubaliana na wote wawili, na nadhani hapo ndipo Kira alipofika mbali kuliko Duet: sasa anaweza kudai haki na kumhurumia anayemdai, kwa pumzi moja.

Shosho hakuwa na haraka ya kufurahi. Kwetu Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 waliosalimika mateso, alilisikia redioni akiwa shambani, akaendelea kupalilia. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Basi usiku ule wa Damar alitazama hadi mwisho wa onyesho, akaniuliza, “Yule mwanamume alimjibu nini?”

Nikamwambia hakujibu. Alinyamaza.

“Rudisha nyuma,” akasema. “Nimwone akinyamaza.”

Nikarudisha.